Nani Ashike Sindano?

Ndugu wafanyakazi, dereva wa lori la kiwanda, dereva wa trekta la shamba na dereva wa gari linalotubeba alfajiri kwenda kazini, wote wana hofu moja ambayo sisi wa mashine na wa jembe hatuijui. Leseni ndiyo sahani yao ya ugali. Dereva akisimamishwa usiku, akaambiwa amelewa na kupelekwa kituo cha polisi, kesho yake anaweza kuwa hana kazi kabla hakimu hajasikia neno lake hata moja.

Tuseme mapema tusije tukaeleweka vibaya. Chama hakimtetei mlevi. Ni sisi tunaopakiwa nyuma ya gari lake, na gari likipinduka korongoni ni majina yetu yanayosomwa. Mlevi aondolewe kwenye usukani, na aondolewe haraka. Swali letu ni jingine: ulevi wake uthibitishwe namna gani, na mkono wa nani ndio ushike sindano?

Swali hili limekwisha kuulizwa mahakamani, hospitalini na vituoni katika nchi za mbali, hasa Marekani na Uingereza. Yaliyowapata wenzetu huko yanafaa kusomwa hapa kabla hayajatubishia hodi.

SAA HAIMPENDELEI MTU

Askari huanza na pumzi. Dereva hupuliza kwenye chombo, na chombo kikatoa hesabu. Lakini chombo hicho hakioni bangi wala vidonge vya usingizi, na mtu aliyevunjika mbavu katika ajali hawezi kupuliza. Ndipo damu inapotakiwa.

Damu nayo haingoji. Mwili wa mtu huondoa kilevi kwa kiasi cha miligramu 15 hivi kwa saa katika kila mililita 100 za damu, wengine pungufu, wengine zaidi. Tuchukue mfano. Sheria inakataza kupita miligramu 80, na dereva amekamatwa saa 7 usiku akiwa na 95. Akipelekwa hospitali ya mbali na kuwekwa kwenye foleni hadi saa 10, huenda damu yake ikaonyesha 50 tu. Aliyekuwa mlevi barabarani amekuwa mzima kwenye karatasi.

Lakini saa humwumiza asiye na hatia vilevile. Pombe iliyonywewa sasa hivi haifiki yote kwenye damu mara moja. Huweza kuendelea kupanda kwa nusu saa, saa nzima au zaidi, hasa mtu akiwa ameshiba. Aliyekuwa chini ya kiwango alipokamatwa aweza kukutwa juu ya kiwango alipopimwa.

Tena kuna yule ambaye hakuonja kabisa. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka hupepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka. Aliyepuliza dawa ya wadudu shambani mchana kutwa bila kinga aweza kutoka jasho, kuyumba na kuchanganyikiwa. Aliyefanya zamu mbili mfululizo ana macho mekundu na ulimi mzito. Kwa askari mwenye haraka, hao wote ni walevi. Kwa watu hao, damu iliyotolewa mapema na kupimwa vizuri ndiyo shahidi wao. Kwa hiyo tusiilaani sindano. Tutazame anayeishika.

ASKARI AGEUKA MGANGA

Marekani jambo hili lilifika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1966, katika kesi ya Schmerber na jimbo la California. Dereva alikuwa hospitalini baada ya ajali, askari akaagiza daktari atoe damu, dereva akakataa, damu ikatolewa. Majaji 5 kwa 4 walisema ilikuwa halali. Lakini waliweka tahadhari ambayo wengi waliisahau upesi. Walisema damu ile ilitolewa na daktari, hospitalini, kwa utaratibu wa kitabibu. Lingekuwa suala zito la namna nyingine kama ingetolewa na polisi faraghani kituoni.

Basi katikati ya miaka ya 1990 jimbo la Arizona likaanza kuwafundisha askari wenyewe kutoa damu. Baadaye majimbo mengine yakafuata, na Utah likiwamo. Sababu walizotoa si za kipuuzi: hospitali hutoza fedha, wauguzi wana wagonjwa wao, na askari anayekesha kwenye foleni hayuko barabarani. Askari akifundishwa, akawa na sindano, chupa na kiti kituoni, kazi humalizika kwa dakika chache.

Hata hivyo, mkono uliofundishwa bado ni mkono wa askari. Aliyemshuku dereva, aliyemkamata, atakayetoa ushahidi dhidi yake, na anayechukua ushahidi wenyewe kutoka mwilini mwake, wote wanakuwa wa idara moja, na mara nyingine mtu mmoja. Wahenga walituonya juu ya kumpelekea ngedere kesi ya nyani.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu hiyo ilirudi kwenye suala hili. Huko Missouri, mwezi wa Oktoba 2010, dereva McNeely alisimamishwa saa 8 na dakika 8 usiku. Hakutaka kupuliza wala kutoa damu. Askari hakumwomba hakimu hati. Alimpeleka hospitali, na damu ikatolewa dakika 25 hivi baadaye. Ilikuwa na kilevi karibu mara mbili ya kiwango. Majaji walisema: kupungua kwa kilevi kwenye damu si dharura inayotosha kila mara kumruka hakimu, kwa kuwa siku hizi hati huweza kuombwa hata kwa simu. Mwaka 2016 wakaongeza, katika kesi ya Birchfield, kwamba pumzi yaweza kupimwa bila hati baada ya mtu kukamatwa kihalali, lakini damu sivyo, na mtu asifungwe kwa kukataa tu kuchomwa sindano bila hati.

MUUGUZI ALIYESEMA HAPANA

Sheria kwenye karatasi ni kitu kimoja. Usiku wa zamu ni kitu kingine. Hapa tunafika kwa mfanyakazi mwenzetu, Alex Wubbels, aliyekuwa msimamizi wa zamu katika wodi ya walioungua kwenye Hospitali ya Chuo Kikuu cha Utah, mjini Salt Lake City.

Tarehe 26 Julai 2017 aliletwa dereva wa lori aliyeungua vibaya, hana fahamu. Hakuwa na kosa. Mtu mwingine aliyekuwa akiwakimbia polisi ndiye aliyehama upande wake wa barabara na kulivaa lori lake uso kwa uso, akafa palepale. Hata hivyo mpelelezi alifika wodini akitaka damu ya huyu dereva. Mpelelezi huyo alikuwa amefundishwa kutoa damu, na hiyo ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Wubbels hakupiga kelele. Alichukua karatasi ya utaratibu ambao hospitali ilikuwa imekubaliana na polisi, akaisoma. Njia zilikuwa tatu: mgonjwa akubali, au awe amekamatwa, au iwepo hati ya mahakama. Mgonjwa hana fahamu, hajakamatwa, na hati hakuna. Mkubwa wake wa kazi alikuwa kwenye simu, akimwunga mkono. Mpelelezi alimshika muuguzi, akamtoa nje kwa nguvu huku akilia, akamfunga pingu na kumtia ndani ya gari la polisi. Baada ya dakika 20 hivi aliachiwa, bila shtaka lolote.

Mwisho wa Agosti wakili wake alitoa hadharani picha zilizochukuliwa na kamera ya askari mwenyewe, na dunia nzima ikaona. Meya wa mji na mkuu wa polisi waliomba radhi. Oktoba 2017 mpelelezi alifukuzwa kazi, na ofisa aliyemwelekeza kumkamata muuguzi alishushwa cheo. Mji na chuo kikuu vilimlipa Wubbels dola 500,000. Hospitali ikaamua kwamba tangu hapo polisi wasishughulike na wauguzi wa wodini, bali na wasimamizi wa juu. Dereva wa lori alifariki mwezi wa Septemba mwaka huohuo.

Tuutazame uzito wa jambo hili. Dereva yule hakuweza kusema ndiyo wala hapana. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumsemea, mfanyakazi wa zamu, mwenye karatasi mkononi. Kama pale pangekuwa ni chumba cha kituo cha polisi, na mwenye sindano ni askari peke yake, nani angesoma karatasi ile?

Lakini tusidanganyike kwamba ushindi ule ulifunga mlango. Mwaka 2019, katika kesi ya Mitchell na jimbo la Wisconsin, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema dereva anayeshukiwa ulevi akiwa hana fahamu, mara nyingi damu yake yaweza kuchukuliwa bila hati. Na Utah yenyewe, tangu tarehe 30 Desemba 2018, imeshusha kiwango kutoka 80 hadi 50, ikiwa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Sheria ya barabara inazidi kukaza, na hatuilaumu kwa hilo. Ila inapokaza, utaratibu wa sindano nao ukaze.

NJIA YA UINGEREZA

Uingereza iliweka kiwango cha miligramu 80 kwa sheria ya mwaka 1967, na huko damu hutolewa kituoni pia. Tofauti ni kwamba hatoi askari. Hapo zamani alikuwa daktari. Tangu sheria ya mwaka 2002 aweza kuwa muuguzi au mhudumu mwingine wa afya aliyesajiliwa. Dereva akikataa bila sababu ya haki, kukataa kwenyewe ni kosa, lakini halazimishwi kwa mabavu. Damu hugawanywa sehemu mbili, na dereva akiomba, sehemu moja hupewa yeye aipeleke kwa mkemia wake.

Kama dereva yuko hospitalini, daktari anayemtibu lazima aarifiwe kwanza, naye aweza kuzuia kwa ajili ya usalama wa mgonjwa. Kama hana fahamu, damu yaweza kutolewa na kuhifadhiwa, lakini haipimwi mpaka azinduke na kukubali. Hapo saa haikupotea, na mtu hakupokonywa sauti yake. Haraka na haki vinaweza kukaa nyumba moja.

MAMBO YA KULETA KWENYE MKUTANO WA TAWI

Sheria za nchi zetu si moja, na kila tawi lisome ya kwake. Lakini mahali popote damu ya dereva inapotolewa akiwa mikononi mwa polisi, tunaona haya ni ya kudai:

1. Mtoa damu awe mhudumu wa afya, asiwe askari aliyekamata. Jina lake na saa ya kutoa damu viandikwe.

2. Ngozi isipanguswe kwa spiriti, kwa maana spiriti nayo ni kilevi na yaweza kuchafua ushahidi. Itumike dawa nyingine ya kuua vijidudu.

3. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya dereva. Chupa iwe na dawa ya kuzuia damu isichachuke, ipigwe lakiri, na kila anayeipokea aweke sahihi mpaka maabara.

4. Sehemu ya pili ihifadhiwe kwa ajili ya dereva.

5. Mwajiri asimfukuze mtu kwa neno la askari kabla majibu ya maabara hayajatoka. Hili liingizwe kwenye mkataba wa kazi.

6. Muuguzi anayefuata utaratibu asiguswe. Naye ni mfanyakazi, na chama chake na chetu ni ndugu.

La mwisho ni letu wenyewe. Dereva mwenzako akionekana amekunywa, usipande gari lake, na usimfiche. Tawi linalofumba macho kwa mlevi halitakuwa na uso wa kumtetea msafi siku atakapokaa kituoni, mkono umekunjuliwa shati, akiuliza huyu anayekuja na sindano ni nani.