Namba kubwa kwenye boksi haipimi ubora wa sabufa

MNUNUZI anayeingia katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kutafuta sabufa ya sebuleni, hukutana na namba kabla hajasikia sauti yoyote. Boksi moja limeandikwa wati 5,000, jingine wati 10,000, na la tatu, ambalo bei yake haipishani sana na hayo mawili, limeandikwa wati 15,000.

Kwa familia iliyojinyima kwa miezi kadhaa ili ipate chombo cha muziki, namba hizo huonekana kuwa ndicho kipimo pekee cha kuamulia. Hata hivyo, namba hizo hazielezi uzuri wa sauti, na mara nyingi hazielezi hata nguvu halisi ya chombo chenyewe.

Uamuzi huo una uzito wake, kwa kuwa stakabadhi za maduka mengi huwa na maneno yanayosema kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Kutokana na hali hiyo, nafasi nzuri ya kutambua kasoro ni ile anayoipata mnunuzi akiwa bado dukani, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Wati zipi ni za kweli?

Namba hizo kubwa kwa kawaida huambatana na herufi PMPO, zinazodaiwa kuonyesha kilele cha nguvu ambacho chombo kinaweza kukifikia kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Hakuna kanuni moja ya kimataifa inayoeleza kilele hicho kipimwe vipi, hivyo kila kiwanda kinaweza kuandika namba inayokipendeza.

Kipimo chenye maana zaidi ni cha nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo, ambayo huandikwa kwa herufi RMS. Si ajabu kwa sabufa yenye maelfu ya wati za PMPO kuwa na wati 30 au 40 tu za RMS.

Nchini Marekani, tatizo la namba za kutia chumvi lilishughulikiwa mapema. Mwaka 1974, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo ilitoa kanuni inayowataka wauzaji wa amplifaya za nyumbani kutangaza nguvu ya mfululizo iliyopimwa kwa masharti maalumu. Mwaka 2024 kanuni hiyo ilirekebishwa ili masharti ya upimaji yafanane kwa watengenezaji wote.

Mnunuzi wa Kariakoo anaweza kujilinda kwa njia rahisi zaidi, nayo ni kuigeuza sabufa na kusoma kibandiko kilicho nyuma, karibu na waya wa umeme. Kibandiko hicho huonyesha kiasi cha umeme ambacho chombo hutumia. Chombo hakiwezi kutoa mfululizo nguvu inayozidi ile kinayoivuta ukutani, na sehemu ya nguvu hiyo hupotea kama joto.

Kibandiko nacho si kipimo kamili, kwa kuwa baadhi ya viwanda hupima matumizi ya umeme wakati chombo kinacheza kwa kiasi, si kwa nguvu zake zote. Lakini pale kibandiko kinapotaja wati 50 huku boksi likitaja wati 10,000, ni wazi kuwa boksi halistahili kusikilizwa.

Zaidi ya hayo, hata wati zikiwa za kweli, sikio la binadamu haliziongezi kama mfanyabiashara anavyoongeza bei. Nguvu ikiongezwa mara mbili, kutoka wati 20 hadi 40, ukubwa wa sauti huongezeka kwa desibeli tatu tu, tofauti inayosikika lakini isiyo kubwa. Ili sauti ionekane kuwa kubwa mara mbili, huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi.

Spika nazo hutofautiana katika kugeuza umeme kuwa sauti. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja, hufikia desibeli 100 kwa wati 10. Ile inayotoa desibeli 84 kwa wati moja huhitaji wati 40 kufika hapo hapo. Hivyo, chombo chenye wati chache kinaweza kukizidi sauti kile chenye wati nyingi.

Kasha dogo lina mipaka yake

Spika nyingi za leo hufanya kazi kwa muundo ulioelezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric ya Marekani. Katika muundo huo, koili ya waya iliyoshikamana na koni huchezeshwa na nguvu ya sumaku, na koni husukuma hewa.

Sauti nzito huhitaji hewa nyingi kusukumwa, na hapo ndipo udogo unapoleta taabu. Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH ya Marekani, anakumbukwa kwa kanuni inayosema kuwa mambo matatu hayapatikani pamoja: kasha dogo, besi inayoshuka chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme mdogo. Mtengenezaji akichagua mawili, la tatu lazima alipoteze.

Mfano unaojulikana sana wa kukubali mipaka hiyo ni spika iitwayo LS3/5A, iliyobuniwa na Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, katika miaka ya 1970. Ilikuwa na kimo cha sentimita 30 hivi, kwa kuwa ilikusudiwa kutumika ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo nafasi ni finyu. Wahandisi walikubali kuikosa besi ya chini kabisa na sauti ya kutikisa kuta, ili sauti ya mtu anayezungumza isikike kama ilivyo.

Seti ndogo zinazouzwa madukani hufuata njia nyingine. Besi hupewa kasha lake, ambalo ndilo sabufa yenyewe, na sauti nyingine huachiwa spika ndogo mbili au nne za pembeni. Mpango huo ni mzuri ukitekelezwa vema, lakini katika seti za bei nafuu mara nyingi kuna pengo katikati.

Spika ya pembeni yenye koni ya inchi mbili au tatu huishiwa nguvu kabla ya kushuka hadi pale sabufa inapoanzia. Sauti ya kawaida ya mwanamume anapozungumza huwa na msingi wake kati ya hezi 85 na 180 hivi, yaani mle mle ndani ya pengo. Matokeo yake ni msomaji wa taarifa ya habari anayesikika kama anayepigia simu kutoka chumba cha pili, ingawa ngoma inatikisa vyombo kabatini.

Wapo watengenezaji wanaoliziba pengo hilo kwa kuilazimisha sabufa ipande juu kuliko inavyostahili. Kasoro ya njia hiyo ni kwamba sikio huanza kutambua sauti inatoka wapi kadiri inavyopanda juu ya hezi 80 hadi 100. Mwimbaji hugawanyika vipande viwili, midomo yake ikiwa ukutani na kifua chake kikiwa sakafuni.

Macho huamua kabla ya masikio

Ubora wa spika umepimwa kisayansi kwa miaka mingi, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni Floyd Toole, aliyeanzia katika Baraza la Taifa la Utafiti la Canada kabla ya kujiunga na kampuni ya Harman. Uchunguzi wake ulionyesha kuwa wasikilizaji wasioona spika inayocheza huelekea kukubaliana kuhusu ipi ni nzuri. Wengi huchagua ile isiyopendelea sauti za juu wala za chini.

Mwaka 1994, Toole na mwenzake Sean Olive walilinganisha majibu ya watu waliosikiliza wakiwa wanaziona spika na waliosikiliza zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Miongoni mwa zilizojaribiwa ilikuwamo seti ndogo ya bei nafuu, yenye sabufa na spika za pembeni. Spika zilipokuwa zinaonekana, kubwa za bei mbaya zilipewa alama za juu na ile seti ndogo ilidharauliwa. Pazia lilipofungwa, tofauti hiyo ilipungua sana.

Funzo la jaribio hilo lina pande mbili. Chombo cha bei nafuu kinaweza kuwa kizuri kuliko kinavyoonekana, na taa za rangi zinazomeremeta mbele ya sabufa zinaweza kumfanya mtu asikie uzuri usiokuwapo.

Mtego mwingine ni ukubwa wa sauti. Vyombo viwili vikilinganishwa, kile kinachocheza kwa sauti kubwa kidogo huonekana kuwa bora, hata kama tofauti ni ndogo kiasi cha msikilizaji kutoitambua. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anapaswa kuomba vyombo vyote vichezwe kwa sauti inayolingana, na besi na treble ziwekwe katikati.

Majaribio ya dakika kumi

Jaribio la kwanza ni sauti ya mtu. Mnunuzi afungulie kituo cha redio chenye mazungumzo au taarifa ya habari na asikilize kama sauti ya mwanamume ni ya kawaida, au kama inavuma mithili ya mtu anayesemea ndani ya pipa. Masikio ya kila mtu yamezoea sauti ya binadamu tangu utotoni, hivyo hayadanganyiki kirahisi hapo.

Jaribio la pili ni wimbo ambao mnunuzi anaufahamu vizuri, aliouleta mwenyewe kwenye flashi, badala ya ule uliochaguliwa na muuzaji. Nyimbo za zamani za dansi hufaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa huwa na magitaa mawili au matatu yanayopishana, tarumbeta na gitaa la besi. Kwenye spika nzuri kila gitaa hufuatika peke yake. Katika taarab, fidla, ganuni na udi visiungane vikawa mlio mmoja. Nakala ya wimbo nayo iwe safi, kwani faili lililobanwa kupita kiasi hukwaruza hata kwenye spika bora.

Jaribio la tatu ni besi yenyewe. Gitaa la besi hupanda na kushuka, na msikilizaji anapaswa kulisikia likifanya hivyo. Sabufa duni hutoa mlio mmoja wa kuvuma kwa kila noti, na mlio huo hubaki ukining'inia baada ya mpigaji kunyamaza.

Jaribio la nne ni kupunguza sauti hadi kiwango cha usiku, wakati watoto wamelala. Maneno ya mwimbaji yakipotea yote na ukabaki mdundo tu, chombo hicho hakitafaa kwa matumizi ya kila siku. Kisha sauti ipandishwe hadi robo tatu na isikilizwe kama koni inakwaruza, kasha linatetema, au hewa inafoka katika kitundu cha sabufa.

Mwisho, muziki usimamishwe kabisa huku chombo kikiwa kimewashwa. Mngurumo unaosikika mita mbili kutoka kwenye spika ni dalili ya kasoro katika sehemu ya umeme, nao utasikika kila siku nyumba ikiwa kimya.

Nyumbani na vyombo vilivyotumika

Chombo kilichopendeza dukani kinaweza kubadilika kikifika nyumbani. Kuta za saruji na sakafu ya vigae hurudisha sauti, na sebule yenye urefu wa mita nne huikuza zaidi sauti ya takriban hezi 43. Sabufa iliyosukumwa kwenye kona huzidisha besi, na kuisogeza nusu mita tu kunaweza kuondoa mvumo ambao mtu angedhani ni ubovu. Mapazia, makochi na zulia hupunguza mwangwi, na spika za pembeni husikika vizuri zikiwa usawa wa masikio ya aliyeketi.

Kwa upande wa vyombo vilivyotumika vinavyotoka nje, vipo vyenye sauti bora kuliko vipya vya bei hiyo hiyo, lakini vinahitaji ukaguzi. Ukingo wa sponji unaoshikilia koni huoza kadiri miaka inavyopita, hivyo uguswe taratibu kwa kidole. Aidha, umeme wa majumbani nchini Japani ni wa volti 100, wakati wa Tanzania ni wa volti 230. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani ikichomekwa moja kwa moja ukutani bila transfoma ya kupunguza umeme inaweza kuungua papo hapo.

Mwenye bajeti ndogo anashauriwa pia kuhesabu spika anazohitaji. Muziki mwingi hurekodiwa kwa njia mbili, kushoto na kulia, na fedha zilizotosha kutengeneza spika mbili nzuri huwa haba zinapogawanywa kwa tano. Kwa sebule ya kawaida, seti ya spika mbili zenye koni kubwa kiasi na sauti safi ya katikati itafaa zaidi kuliko ile yenye spika tano na wati 15,000 za kwenye boksi.