Istilahi za Akwaponiki

Miongoni mwa fani zinazohitaji istilahi za Kiswahili ni akwaponiki, yaani taaluma ya kufuga samaki na kukuza mimea bila udongo katika maji yale yale yanayozunguka. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwanza mambo yenyewe, kisha majina yake.

Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua na kinyesi. Ikizidi majini, huwaua. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wa aina ya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni chakula cha mimea. Mizizi huifyonza, na maji hurudi kwa samaki yakiwa salama.

Hapa ndipo istilahi inapogusa mfuko wa mtu. Bakteria tumezoea kuwaita vijidudu, na neno hilo hutukumbusha maradhi. Mwanafunzi akisoma kwamba chujio limejaa vijidudu, huenda akalisafisha kwa klorini, akaua viumbe waliochukua majuma kadhaa kuenea, na samaki wakafa baada yao. Kwa hiyo twapendekeza neno bakteria libaki, na kazi yao iitwe ugeuzaji nitrati.

Ama kuhusu watu wa fani hii, uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2014 ulikusanya majibu ya watu 809, wengi wao wakiwa Marekani. Walikuwamo wanaofanya kazi hii kwa kujiburudisha, waelimishaji, na wakulima wa biashara. Wa kwanza wangeweza kuitwa waraibu. Lakini siku hizi neno mraibu limeelemea kwa mtu aliyetawaliwa na ulevi. Afadhali tuseme wafugaji wa burudani. Istilahi mwelimishaji haina tatizo: tangi moja darasani hufundisha elimu ya viumbe na kemia kwa pamoja.

Mkulima wa biashara ndiye anayehitaji uangalifu zaidi. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 kuhusu watu 257 waliokuwa wakiuza mazao, vifaa au huduma za akwaponiki, waliopata faida katika miezi 12 iliyotangulia hawakufika theluthi moja. Tena waliouza vifaa au huduma pamoja na chakula ndio walioelekea zaidi kupata faida. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi majina kama "kilimo cha kisasa" au "kilimo cha faida" hayafai kuwa istilahi, kwa kuwa yanasifu badala ya kueleza, na mtu huweza kutoa akiba yake kwa ajili ya sifa hiyo.

Samaki aliyetajwa zaidi na wakulima hao ni perege. Huyu asili yake ni Afrika, na jina tunalo. Hakuna haja ya kumwita tilapia. Sato litumike kwa perege wa Ziwa Viktoria, kama wavuvi wanavyolitumia.

Kwa fani nzima tunapendekeza akwaponiki katika maandishi ya kitaalamu, na kilimosamaki katika mafunzo ya wakulima. Hata hivyo, msomaji aweza kuuliza iwapo kilimosamaki halitachanganywa na ufugaji samaki wa kawaida, usio na mimea. Hoja hiyo ina uzito. Wasomaji, hasa walimu na wafugaji, wanaombwa watuletee maoni yao kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.