Umbo na Fuwele za Vichocheo-Nuru: Mafunzo kutoka Chai ya Sosiot

Makala haya yanakusudia kufafanua namna wanasayansi wanavyodhibiti umbo na fuwele za vichocheo-nuru, yaani unga ambao ukiangaziwa huchochea mabadiliko ya kikemikali bila wenyewe kuisha. Ukitiwa katika maji machafu na kuwekwa juani, unga huo huweza kuvunjavunja rangi na kuua vijidudu.

Kichocheo mashuhuri ni oksidi ya titani. Mwaka 1972, Wajapani Fujishima na Honda walionyesha kuwa huweza kupasua maji kwa msaada wa nuru. Huko Kwale, pwani ya Kenya, mchanga wenye titani ulichimbwa hadi mwaka 2024. Hata hivyo, oksidi hiyo huitikia miale ya urujuanimno pekee, ambayo ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Ndiyo maana watafiti wanatafuta unga unaotumia nuru ionekanayo. Mmojawapo ni vanadati ya bismuthi.

Hapa mkulima wa Sosiot anaweza kutufunza. Jani lile lile la mchai, likikatwakatwa na kuachwa lipate hewa, huwa chai nyeusi. Likipigwa mvuke mapema, huwa chai ya kijani. Kadhalika, atomi zile zile za bismuthi, vanadi na oksijeni zikijipanga kama fuwele ya zirkoni, unga hufanya kazi hafifu. Zikijipanga katika fuwele iliyoinama kidogo upande mmoja, hufyonza nuru ionekanayo hadi takriban nanomita 520. Joto la kutayarishia na kiwango cha asidi huchangia kuamua mpangilio huo.

Umbo nalo lina uzito wake. Chai ya vipunje hukolea upesi kuliko ya jani zima kwa kuwa maji huigusa pengi zaidi. Lakini udogo pekee hautoshi. Mwaka 2013, watafiti wa China walionyesha kwamba katika fuwele ya vanadati ya bismuthi elektroni hukusanyika kwenye nyuso za aina moja, na nafasi zilizoachwa wazi kwenye nyuso za aina nyingine. Utengano huo huzuia viwili hivyo kukutana na kubatilishana kabla ya kazi kufanyika.

Unga huu haujachukua nafasi ya kuchemsha maji nyumbani, kwani sharti utenganishwe na maji baada ya kazi. Ukifaulu, utapunguza kuni jikoni. Aidha, mwanafunzi aliyeiona chai ikitayarishwa kiwandani anaweza kuielewa fuwele kwa Kiswahili. Wajibu wetu ni kumpatia istilahi.