Yungiyungi Si Gugu

Katika insha za wanafunzi wetu kuhusu mazingira, kila mmea uonekanao juu ya maji huitwa gugumaji. Kosa hili si dogo, kwani gugu hung'olewa. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini, likaonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Yungiyungi ni mwenyeji. Anayeyaita yote mawili kwa jina moja atang'oa mwenyeji pamoja na mvamizi.

Tofauti yake ni rahisi. Gugumaji huelea pamoja na mizizi yake, na maua yake husongamana kwenye shina moja. Yungiyungi hushika mizizi katika tope, majani yake ya mviringo yakalala juu ya maji, na kila ua, aghalabu la samawati, husimama kwenye kikonyo chake.

Aliye karibu na Kampala aende Mabamba, wilayani Wakiso, kinamasi kilichoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Wageni wengi humfuata korongo mwenye mdomo mfano wa kiatu, mitumbwi yao ikipita katikati ya mayungiyungi wasiyoyatazama. Juu ya majani hayo hutembea ndege wa rangi ya hudhurungi mwenye vidole virefu mno, ambavyo hutawanya uzito wake asizame. Dume ndiye aatamiaye mayai na kulea. Hatari ikitokea, huwabeba makinda chini ya mbawa zake, vijiguu vikining'inia. (Walimu wa fasihi na jinsia, mada hiyo!) Yuko pia bata mdogo ambaye chakula chake kikuu ni mbegu za yungiyungi. Chini ya majani, samaki wadogo hupata kivuli na maficho.

Ua lenyewe hufunguka asubuhi na kufumba baadaye mchana, kwa siku chache. Siku ya kwanza katikati yake huwa na kidimbwi cha majimaji ambamo wadudu wadogo huweza kuzama. Siku zifuatazo hutoa chavua. Likishachavushwa, kikonyo hujikunja na kulivuta chini, tunda likaivia majini. Mbegu huibuka, zikaelea kitambo, kisha zikazama kwingine.

Kwa darasani: ngeli ni ya LI-YA, yungiyungi limechanua, mayungiyungi yamechanua. Katika insha ijayo, mwanafunzi apewe picha za mimea yote miwili, aitaje kwa majina yake, kisha aeleze ni viumbe gani watakosa makao kinamasi kikifukiwa.