Nilishona shati, kumbe mwalimu alimsema mtoto

Mwezi uliopita nikiwa jikoni niliingiwa na ujumbe wa mwalimu wa darasa la sita anakosoma mwanangu. Aliandika kwa Kiingereza kwamba kijana "is coming apart at the seams". Neno la mwisho nililijua: mishono. Nikaenda moja kwa moja kwenye sare. Kweli, shati lilikuwa limefumuka kwapani. Nikalishona usiku uleule, nikamjibu: "Ahsante mwalimu, nimeshashona."

Kesho yake akapiga simu. "Hapana mama, sikuzungumzia shati."

Mzazi mwenzangu, usinicheke sana. Huo ni msemo. Waingereza huutumia kwa mtu aliyeelemewa hadi hajimudu tena, au kwa ndoa, mpango, hata serikali inayoanza kuachana vipande. Nguo ikivutwa kupita kiasi, mara nyingi huanza kuachia kwenye mshono. Sisi tunasema imefumuka, na hiyo si sawa na kuchanika. Iliyochanika hubaki na alama hata ukiitia kiraka. Iliyofumuka, fundi anapitisha cherehani tu, maana kitambaa bado ni kizima. Sijui kama Waingereza wenyewe huwaza hivyo wanapoutamka, ila mimi ndilo lililonipa moyo.

Usiuchanganye na ndugu yake, "bursting at the seams". Huo husemwa juu ya mahali palipojaa pomoni: darasa lililofurika wanafunzi, daladala ya saa moja asubuhi.

Mwalimu alinieleza kwamba mwanangu alikosa hesabu moja, akalia hadi akatupa kalamu. Si mara ya kwanza. Nyumbani hakuwa akilia. Alikuwa kimya tu, na ukimya ule mimi niliuita adabu, nikawa najisifia kwa majirani. Nikahesabu saa zake: shule mpaka saa kumi, tuisheni mpaka saa kumi na mbili, chakula, kisha kazi za shule hadi anasinzia juu ya daftari. Jumamosi tuisheni tena. Aliyepanga yote hayo ni mimi.

Baba yake hakukubali kirahisi, mtihani wa taifa uko mwakani. Tulibishana siku mbili. Mwishowe tukaondoa Jumatano na Jumamosi.

Jumatano ya kwanza alirudi mapema, akaketi kibarazani na begi bado mgongoni.

"Mama, sasa nifanye nini?"

Nikamwambia acheze. Akaniuliza acheze nini.