Mbwa wa shamba hufunzwa na mbwa mwenzake

Na Mwandishi Wetu

KUANZIA mashamba ya Masasi hadi Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, mkulima anaijua hesabu hii: mahindi yakianza kubeba, mchana ni zamu ya nyani na ngedere, usiku ni zamu ya nguruwe pori. Mihogo nayo hufukuliwa. Watu hulala dunguni, na msaidizi wao wa kwanza ni mbwa.

Hata hivyo, si kila mbwa ni msaidizi. Wapo wanaobweka ovyo usiku kucha, mwenye shamba asijue ni saa ngapi nguruwe ameingia kweli. Wapo wanaokimbiza mbuzi wa jirani, mwenye mbwa akalipa fidia. Wapo wanaong'ata watoto. Mbwa wa namna hiyo ni hasara, na mara nyingi hasara hiyo huanza siku alipoondolewa kwa mama yake mapema mno.

Darasa la kwanza

Kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, mtoto wa mbwa hujifunza kuishi na wenzake. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu wakati wa mchezo, ndugu hulia na mchezo hukatika. Akimsumbua mama, mama humngurumia. Kidogo kidogo anajua kupima nguvu ya meno yake. Somo hilo binadamu hawezi kulifundisha vizuri kama mbwa wenyewe.

Anayemchukua mtoto wa mbwa wa wiki 4 na kumfunga kamba peke yake nyuma ya nyumba ili "awe mkali" anaweza kupata ukali, lakini adabu asiipate. Mwache kwa mama hadi afikishe walau wiki 8.

Huona, akaiga

Mwaka 1997, watafiti Slabbert na Rasa walichapisha matokeo ya majaribio kwa mbwa wa polisi wa Afrika Kusini. Watoto wa mbwa walioruhusiwa kumtazama mama yao akitafuta dawa za kulevya, walipojaribiwa wakiwa na miezi 6, waliifanya kazi hiyo vizuri kuliko wale ambao hawakuwahi kumtazama mama akiifanya.

Shambani mambo ni hayo hayo. Mbwa mzoefu hashtuki kwa kila jani linalotikisika. Akibweka, kuna jambo. Hupita katikati ya kuku bila kuwagusa, na ukimwita anarudi. Mdogo anayefuatana naye huona hayo kila siku.

Hilo halikuondolei kazi wewe mfugaji. Mdogo akianza kukimbiza kuku, mkataze pale pale. Akitulia, msifu na umpe kipande cha ugali. Kumpiga humfanya awe mwoga, na mbwa mwoga hung'ata upesi.

Mwalimu mbaya

Kama adabu inavyoigwa, ndivyo na utundu unavyoigwa. Mbwa mla mayai au mkimbiza mbuzi atawaharibu wadogo, na wakiwa kundi huchocheana. Kabla ya kumleta mtoto wa mbwa nyumbani, jiulize atakaa na nani. Kama mbwa wako ana tabia mbaya, usimpe mwanafunzi. Watenganishe, au mpeleke mdogo afuatane na mbwa mtulivu wa ndugu au jirani.

Chanjo kwanza

Mbwa wanaokaa pamoja huambukizana pia. Kuanzia mwaka 2010, Lindi na Mtwara zilikuwa katika mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa, uliofadhiliwa na Mfuko wa Bill na Melinda Gates. Lengo la WHO ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili ugonjwa ukose njia. Kwa hiyo chanja mkubwa na mdogo, na uwarudishe kila afisa mifugo anapotangaza zoezi.

Mtu aking'atwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaonekana, tiba karibu haipo.

Samaki mkunje angali mbichi. Wiki chache za kumwacha mtoto wa mbwa kwa mama, na miezi michache ya kumfuata mbwa mtulivu, hazihitaji fedha nyingi. Faida yake utaiona mahindi yatakapobeba.