Tuoke Skonzi za Zabibu Nyumbani

Ukipita Shimanzi alfajiri, kabla malori hayajasongamana kwenye magodauni, utawaona akina mama wameketi na ndoo zilizofunikwa vitambaa. Ndani mna mahamri, mna vitumbua, na pengine mna skonzi za zabibu. Wanunuzi wao ni makuli wa bandari ya Kilindini, utingo wa malori, na walinzi waliokesha. Kwa mama huyo donge likiharibika hapati kitu siku hiyo, na unga wa kesho hauna fedha. Ndiyo sababu tunataka kuieleza kazi hii kwa makini.

Jina la skonzi tumelitoa kwa Waingereza, lakini kitu chenyewe si kile chao. Skonzi yao haitiwi hamira, nayo huvunjika-vunjika mkononi. Yetu huumuliwa kwa hamira, ni laini, na huvutika ukiipasua. Tena usidhani kwamba lazima uwe na oveni. Watu wa Pwani wameoka mkate wa sinia na mkate wa mayai kwa moto wa juu na wa chini tangu zamani, na skonzi huiva vizuri kwa njia hiyo hiyo.

Kwa skonzi 16 chukua unga wa ngano nusu kilo, sukari gramu 75, siagi au samli gramu 60, yai moja, hamira kavu vijiko viwili vya chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, iliki punje nane zilizotwangwa, zabibu kavu gramu 100, na tui zito kikombe kimoja, yaani kama mililita 230. Maziwa yafaa pia, lakini sisi twapenda tui. Ngano hailimwi Pwani. Hutoka Narok, Nakuru na Uasin Gishu, na nyingine nyingi hushushwa melini hapo Kilindini. Nazi ndiyo ya kwetu, na mkulima wa Kilifi au Kwale hupata chochote kwayo.

Pasha tui liwe vuguvugu tu. Chovya kidole: ukiona kinaungua, ngoja lipoe, kwa maana joto kali huua hamira na donge halitaumuka hata ukilisubiri mpaka jioni. Changanya vyote isipokuwa zabibu, kisha kanda dakika kumi hadi donge liwe nyororo na liache kugandamana na mkono.

Zabibu zataka adabu yake. Zichambue kwanza, utoe vikonyo na vijiwe. Ziloweke dakika 20 katika maji ya moto, uzichuje, uzikaushe kwa kitambaa, uzinyunyizie unga kidogo. Zikitiwa kavu hunyonya maji ya donge, na skonzi huwa ngumu kesho yake. Zitie baada ya kukanda, si kabla, maana hupasuka na kulichafua donge. Na zile zinazochomoza nje zisukume ndani kwa kidole, kwa kuwa zabibu iliyo juu huungua ikawa chungu.

Sasa tufike kwenye jambo linalowashinda wengi. Vitabu vingi vya mapishi vimeandikwa katika nchi za baridi, navyo husema donge liachwe saa moja na nusu au mbili. Mombasa si hivyo. Kwa joto letu dakika 45 hivi zatosha. Usitazame saa peke yake. Bonyeza donge kwa kidole, na shimo likirudi polepole, tayari. Ukichelewa litanuka kama pombe na kunywea. Wala usililaze usiku kucha mezani likiwa na tui na yai, kwani tui huchacha upesi na yai huharibika. Mwandishi wa makala hii aliwahi kulilaza donge la kilo mbili ili apate usingizi. Asubuhi lilikuwa limefurika hadi sakafuni, na kuku hawakulitaka.

Heri upime vitu vikavu usiku, ukune nazi alfajiri. Ukianza saa tisa u nusu, skonzi zitakuwa tayari saa kumi na mbili kasorobo. Donge likishaumuka ligawe vipande 16, uviviringe, uvipange katika bati lililopakwa samli, vikikaribiana bila kugusana. Viache dakika 25 viumuke tena.

Wakati huo washa seredani. Tia mchanga kidogo katika sufuria kubwa, ifunike, uipashe moto dakika kumi. Weka bati juu ya mawe matatu madogo ndani yake, ufunike kwa kifuniko cha bati, upalie makaa juu. Chini yawe machache, theluthi moja tu. Theluthi mbili ziwe juu. Anayeweka moto mwingi chini hupata skonzi nyeusi tumboni na mbichi kichwani. Vifuu vya nazi vina moto mkali, basi vichanganye na makaa, usivitumie peke yake. Usifunue kabla ya dakika 15. Zikitimia dakika 25, geuza moja uigonge chini: ikilia kama kitu kitupu, imeiva.

Fanya kazi hii uani au barazani, wala si katika chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Tena Shimanzi kuna matangi ya mafuta, na upepo wa bahari huchukua cheche mbali. Ukimaliza, yazime makaa kwa maji.

Mwenye kuuza na awe na daftari. Aandike bei ya unga, sukari, siagi, nazi, zabibu, na makaa pia, ambayo wengi huyasahau, kisha agawanye kwa 16. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano duniani, mtu asiyeandika hesabu aliweza kuuza kwa hasara wiki nzima bila kujua. Ukiona faida ni ndogo, punguza zabibu hadi gramu 70; mnunuzi ataona, lakini hatakasirika. Ukipunguza siagi atakukimbia.

Zitakazobaki jioni zipasue katikati, uzipashe juu ya makaa yaliyofifia, uwape watoto na chai.